Mira Nair, Kampala na Sisi wa Tiwi

Leo nataka tuzungumze juu ya filamu, na hasa juu ya mwongozaji mmoja wa filamu aliyezaliwa India, ambaye maisha yake yameshikamana na Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyojua. Jina lake ni Mira Nair.

Filamu za Kihindi si jambo geni kwetu. Wazee wetu walivuka kivuko cha Likoni kwenda kutazama picha Mombasa, wakajaza Naaz, Regal na Majestic. Wako kina mama waliolia machozi kwa ajili ya Mother India, na baadaye wakawaita mabinti zao majina waliyoyasikia kwenye picha. Na marehemu Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyetutoka mwaka 2014, alizichukua tuni za filamu zile akazitia mashairi ya Kiswahili, zikapigwa katika harusi zetu mpaka watoto wakadhani zimetungwa Mji wa Kale. Kwa hiyo ninapomleta Mira Nair mbele yenu simleti mgeni katika nyumba isiyomjua.

Lakini yeye hajulikani kwa kuigiza wala kuimba. Yeye ni mtu wa nyuma ya kamera, anayeamua nani aonekane na nani azungumze. Na nimemchagua yeye kwa sababu filamu yake moja, iliyoanza hapo Kampala, inauliza swali ambalo sisi wa Kwale, hapa pwani ya Kenya, tumeishi nalo miaka mingi: mtu aliyezaliwa mahali, akakulia hapo, akazika wazee wake hapo, halafu akaambiwa hana karatasi, yeye ni wa wapi?

Tuanze na kwao. Mira Nair alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1957 katika mji wa Rourkela, jimbo la Odisha, mashariki ya India. Rourkela ni mji wa kiwanda cha chuma. Wazazi wake walikuwa Wapunjabi, watu wa kaskazini, lakini baba yake, Amrit Lal Nair, alikuwa mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali huenda alikopelekwa. Yeye alipelekwa Odisha, mbali na kwao, na watoto wakakulia huko. Mira ndiye kitinda mimba, juu yake wapo kaka wawili. Walikaa zaidi Bhubaneswar, makao makuu ya jimbo, mji unaojulikana kwa mahekalu yake ya kale, na miaka hiyo ulikuwa mji mdogo, mbali na Bombay kwenye studio na mbali na Delhi kwenye wakubwa.

Naomba tukae hapo kidogo. Mtoto aliyekulia pembeni namna hiyo alijifunza wapi kusimulia? Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kilichomwasha ni jatra, maigizo ya kienyeji ya Odisha na Bengali. Kundi la wachezaji linafika kijijini, jukwaa linasimamishwa uwanjani, taa zinawashwa, na visa vya miungu na wafalme vinachezwa usiku kucha huku watu wamekaa chini na watoto wamelala mapajani mwa mama zao. Aliyekulia kwetu anaijua hali hiyo. Sengenya ya Wadigo ikipigwa, watu hawaketi mbali wakatazama kama wageni, wanaingia ndani yake. Mira Nair hakuona haya kusema kwamba mwalimu wake wa kwanza wa sanaa alikuwa ngoma ya kijijini. Nawaambia vijana wa Tiwi wanaodhani kwamba sanaa huanzia Nairobi au Lagos, walisikie hilo.

Mama yake, Praveen Nair, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Huyu nitamrudia, kwa sababu bila yeye habari ya binti yake haikamiliki.

Wazazi walimpeleka Mira shule ya masista wa Loreto huko Shimla, milimani. Baadaye akaingia chuo cha wanawake cha Miranda House, katika Chuo Kikuu cha Delhi, akasoma sosholojia, na huku akicheza maigizo ya jukwaani. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, akapata ufadhili wa kwenda Harvard, Marekani. Alikwenda akitaka kuwa mwigizaji. Alipofika akaona maigizo ya pale hayampi alichokitaka, akageukia filamu za kumbukumbu, yaani zile zinazoonyesha watu halisi katika maisha yao halisi. Kazi yake ya kumalizia masomo aliipiga katika vichochoro vinavyouzunguka msikiti mkuu wa Jama Masjid, Delhi ya zamani. Akafuatisha filamu juu ya mhamiaji wa Kihindi anayeuza magazeti New York huku mkewe amebaki India, halafu nyingine juu ya wanawake wanaocheza densi katika baa za Bombay. Hiyo ya mwisho, India Cabaret ya mwaka 1985, ilizua maneno mengi, maana wanawake wale walizungumza wenyewe juu ya maisha yao, na jamii haikuzoea kuwasikia.

Basi huyo ndiye aliyefika mwaka 1988 na filamu yake ya kwanza ya kuigiza, Salaam Bombay!, aliyoiandika pamoja na rafiki yake wa tangu Harvard, Sooni Taraporevala. Inahusu mtoto wa kijijini anayeachwa na kundi la sarakasi, anaishia mitaani Bombay, akiuza chai katika mtaa wa madanguro, na watu wanamwita Chaipau. Mira hakuchukua watoto wa matajiri akawapaka matope usoni. Aliwakusanya watoto wa mitaani wenyewe, wakafanya mazoezi naye kwa wiki kadhaa, na humo akawapata waigizaji wake. Filamu ilipata tuzo ya Caméra d'Or kule Cannes, Ufaransa, tuzo ya mwongozaji anayeanza. Ikateuliwa kushindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ikiwa ni filamu ya pili tu ya India kufika hapo. Ya kwanza ilikuwa ile ile Mother India iliyowaliza mama zetu.

Na hapa ndipo mama yake anaporudi. Filamu ilipoanza kuingiza pesa, watoto wale wa mitaani walikuwa bado wako mitaani. Kwa fedha zilizotokana na filamu hiyo ikaanzishwa taasisi ya Salaam Baalak Trust, na aliyeisimamia kule Delhi ni Praveen Nair, yule mama mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Taasisi hiyo ipo mpaka leo, inawapa watoto malazi, masomo na matibabu. Lakini lazima niseme na upande wa pili. Shafiq Syed, kijana aliyeigiza Chaipau na kupewa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji mtoto, hakuendelea na filamu. Alirudi Bangalore akawa dereva wa tuktuk, na magazeti ya India yameandika habari zake mara kadhaa. Kazi ya udereva ina heshima yake, tunawajua madereva wa tuktuk wa hapa Diani wanaosomesha watoto chuo kikuu. Ila linabaki swali ambalo kila mtu anayechukua kisa cha maskini akakipeleka ulimwenguni ni lazima alijibu: mwenye kisa amebaki na nini? Kwangu mimi, Mira na mama yake walijibu vizuri kuliko wengi, hata kama jibu halikumfikia kila mmoja.

Sasa twende Kampala.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wengi wakaenda Uingereza, wengine Kanada, wengine India, wengine Marekani. Waliruhusiwa kubeba kidogo tu. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwa kijana msomi aitwaye Mahmood Mamdani, mtoto wa familia ya Waislamu wenye asili ya Gujarat. Mamdani alizaliwa Bombay mwaka 1946, lakini wazazi wake wote wawili walikuwa wazaliwa wa Tanganyika, naye akakulia Kampala. Akafikia kambi ya wakimbizi Uingereza, akaandika kitabu juu ya hayo, kisha akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ile ya 1970 ambapo chuo kile kilikuwa kinawaka kwa mijadala. Baadaye akarudi Makerere.

Mira Nair alikuwa anatafuta kisa cha Wahindi wa Uganda. Alikuwa amesoma juu yao, jinsi baadhi yao walivyoishia kusini mwa Marekani, katika jimbo la Mississippi, wakinunua vihoteli vidogo vya barabarani na kuviendesha. Akaja Afrika Mashariki kufanya utafiti mwaka 1989, na katika utafiti huo akakutana na Mamdani. Wakaoana. Mtoto wao, Zohran, alizaliwa Kampala Oktoba 1991, na Novemba 2025 mtoto huyo alichaguliwa meya wa jiji la New York. Wengi wenu mlilisikia jina lake kwenye taarifa za habari, mkashangaa huyu Mganda ametokea wapi. Ametokea katika nyumba hiyo.

Filamu iliyozaliwa na utafiti ule inaitwa Mississippi Masala, ya mwaka 1991. Nitaizungumza kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike mazungumzo haya.

Jay ni wakili wa Kihindi, mzaliwa wa Kampala, anayeipenda Uganda kwa moyo wake wote. Ana rafiki, Okelo, Mwafrika, aliyekua naye kama ndugu. Jay anamsema Amin hadharani, anakamatwa, na Okelo ndiye anayehangaika mpaka anatolewa. Kisha Okelo huyo huyo anamwambia rafiki yake kwamba aondoke, kwamba sasa Afrika ni ya Waafrika weusi. Maneno hayo Jay hayasahau kwa miaka 18. Hamsikii tena Okelo aliyemwokoa, anamsikia Okelo aliyemwambia ondoka. Yanaendelea mengi: basi la waliofukuzwa linasimamishwa na askari njiani, mke wa Jay, anayeigizwa na Sharmila Tagore, anateremshwa na kudhalilishwa mbele ya watu. Na Amin mwenyewe anaonekana kidogo, akiigizwa na Mkenya mwenzetu Joseph Olita, yule yule aliyekuwa amejulikana kwa filamu ya mwaka 1981 ya Sharad Patel juu ya Idi Amin.

Kisha kisa kinarukia mji wa Greenwood, Mississippi. Binti yake Jay, Mina, amekuwa mwanamke. Anagongana kwa gari na kijana mweusi mwenye kazi ya kusafisha mazulia, Demetrius, na anayemwigiza ni Denzel Washington. Wanapendana. Na hapo Wahindi waliofukuzwa Afrika kwa sababu ya rangi yao wanageuka kumkataa Demetrius kwa sababu ya rangi yake. Simu zinapigwa, wateja wanamkimbia, benki inamkaba kwa deni la gari. Demetrius anasimama mbele ya Jay na kumwambia ukweli mchungu juu ya jamii yake, na Jay hana la kujibu.

Msikilizaji, huo ndio ujasiri ninaouheshimu kwa Mira Nair. Ilikuwa rahisi kwake kutengeneza filamu ya machozi ambayo Wahindi ndio waliodhulumiwa na Amin ndiye shetani peke yake, basi. Watu wake wangempigia makofi. Yeye akaonyesha dhuluma waliyotendewa bila kuipunguza, kisha akawaonyesha na jinsi wao wenyewe walivyoishi Afrika wakijitenga, wakiwatumikisha watu weusi bila kukaa nao meza moja, na jinsi walivyoibeba tabia hiyo mpaka Marekani. Amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa akitafuta pesa za kuipiga filamu hiyo, wenye fedha walimuuliza kama hawezi kumtia Mzungu awe stelingi. Akawajibu kwamba watumishi wote wa hotelini katika filamu watakuwa Wazungu. Wakacheka naye, halafu wakamwonyesha mlango.

Kuna jambo dogo zaidi humo linalonikaa moyoni. Miaka yote hiyo Jay anaandika barua kwa serikali ya Uganda kudai nyumba yake. Anaandika, anapiga chapa, anatuma, anangoja. Mkewe anaendesha duka la pombe ili mkono uende kinywani, na yeye yuko mezani na karatasi zake. Hatimaye anaitwa mahakamani Kampala, anarudi, anaikuta nyumba imekuwa gofu, anamuuliza mtu habari za Okelo, anaambiwa Okelo aliuawa zamani. Kumbe miaka yote aliyokuwa akimlaumu rafiki yake, rafiki yake alikuwa kaburini.

Sasa niambieni, ni nani katika Kwale ambaye hajaona mtu mwenye bahasha ya karatasi kuukuu akienda ofisi moja hadi nyingine? Kila nyumba hapa kwetu inajua habari za hati ya shamba iliyo kwa jina la mtu asiyeonekana. Na kama mnataka kisa kilicho karibu kabisa na cha Jay, tazameni Msambweni.

Ukoo wa Madhvani, wale wenye mashamba na kiwanda cha sukari cha Kakira kule Uganda, ambao Amin aliwafukuza pamoja na wenzao, ndio waliokuwa pia na sukari ya Ramisi, hapa hapa kaunti yetu. Wazee wa Ramisi wanakumbuka king'ora cha kiwanda, malori ya miwa na siku za mshahara, mpaka kiwanda kilipokufa mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika mashamba hayo ya miwa, na katika mashamba ya mkonge, walifanya kazi Wamakonde waliotoka Msumbiji tangu zama za ukoloni. Wakaoa hapa, wakazaa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa. Wakawa wachongaji hodari, na vinyago vyao vikauzwa kwa watalii kando ya barabara ya Diani. Lakini hawakuwa na kitambulisho. Na mtu asiye na kitambulisho Kenya hasajili laini ya simu, hatumi pesa kwa jina lake, hafungui akaunti, haajiriwi, na mtoto wake anahangaika na cheti cha kuzaliwa. Sisi majirani tuliwajua kwa vinyago vyao, tukawaalika harusini, tukazikana, na wengi wetu hatukuwahi kuwauliza hata siku moja wanaishije bila karatasi.

Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kuelekea Nairobi, wazee na kina mama wakikanyaga lami kwa miguu, kwenda kumwona Rais. Njiani walizuiwa, hawakurudi nyuma. Rais Uhuru Kenyatta akawasikiliza na kuamuru waandikishwe, na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Na sikilizeni hili: mwezi Julai 2017, miezi michache tu baadaye, Wakenya wenye asili ya Asia nao wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 44. Mkata miwa wa Ramisi na tajiri wa asili moja na mwenye kiwanda wakaingia katika daftari la taifa wakifuatana, na mkata miwa ndiye aliyetangulia. Mwaka 2023 wakafuata Wapemba wa pwani yetu, wavuvi ambao tumekula samaki wao maisha yetu yote.

Hicho ni kisa kikubwa kama cha Mississippi Masala. Kina mapenzi ndani yake, kina aibu yetu sisi majirani, kina bahari, kina miwa, kina safari ya miguu kwenda Ikulu. Na picha za pwani zinazojulikana duniani ni zipi? Mwaka 2012 Mwaustria Ulrich Seidl alipeleka Cannes filamu yake, Paradies: Liebe, juu ya mama wa Kizungu anayekuja kwenye fukwe za Kenya kununua mapenzi kwa vijana wetu. Ni kazi ya fundi, siikatai, na inasema kweli chungu juu ya utalii. Ila kijana wa ufukweni humo hatujui kwao wala mama yake ni nani, na ukiangalia sana, nchi yenyewe ni mchanga na minazi nyuma ya mgeni. Tumezoea kuwa minazi katika picha za watu.

Nirudi kwa Mira. Mwaka 2001 akapiga Monsoon Wedding kwa siku 30 hivi tu, na ikapata Simba wa Dhahabu kule Venice. Mhindi aliyemtangulia kuipata tuzo hiyo ni Satyajit Ray, mwaka 1957. Kwa nje ni harusi ya Kipunjabi: mahema, maua, jamaa kutoka ng'ambo, baba wa bibi harusi anayekuna kichwa juu ya gharama. Katikati ya shangwe hiyo inafichuka kwamba mjomba tajiri anayeheshimiwa na wote, anayelipia hili na lile, aliwachezea watoto wa kike wa ukoo. Baba anapaswa kuchagua baina ya mtoto aliyedhulumiwa na mtu ambaye familia nzima inamtegemea, na harusi ndiyo hiyo imeshafika. Anamfukuza mjomba. Wangapi katika pwani yetu wamelazimika kuchagua hivyo, wakachagua kunyamaza ili harusi ipite? Filamu hiyo ningependa itazamwe na kila baba wa Tiwi.

Zimekuwapo na nyingine zilizokwenda kombo. Amelia ya mwaka 2009, yenye nyota wakubwa wa Hollywood, haikumfaa mtu. Lakini mwaka 2006 kulikuwa na The Namesake, kutokana na riwaya ya Jhumpa Lahiri, ambayo mmoja wa waigizaji wake wakuu alikuwa marehemu Irrfan Khan, yule aliyekuwa na sehemu ya dakika chache tu katika Salaam Bombay!. Wakati huo huo Mira alikuwa ameitiwa kuongoza mojawapo ya filamu za Harry Potter, na pesa zake. Amesema kwamba mwanawe Zohran, kijana mdogo wakati ule, ndiye aliyemwambia waongozaji wazuri wa Harry Potter wapo wengi, lakini wa The Namesake ni yeye. Akaiacha pesa.

Na Kampala hakuiacha. Mwaka 2016 akapiga Queen of Katwe, kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe aliyekuwa akiuza mahindi na akawa bingwa wa sataranji, na mwalimu wake Robert Katende. Mama wa Phiona aliigizwa na Lupita Nyong'o wetu, ambaye miaka ya nyuma, kabla dunia haijamjua, alifanya kazi ndogondogo za utayarishaji katika The Namesake. Phiona mwenyewe aliigizwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala aliyepatikana katika darasa la ngoma. Mtaani tope ni tope la kweli na watu ni watu wa kweli. Hakuna mgeni anayefika kuwaokoa. Mauzo yake kwenye kumbi hayakuwa makubwa, na hilo halipunguzi kitu.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, alianzisha Kampala taasisi ya Maisha Film Lab. Inafundisha vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda kuandika hadithi za filamu, kuongoza, kushika kamera na kunasa sauti, bila kuwatoza ada. Mafunzo yamefanyika Kampala, Nairobi, Kigali na Zanzibar. Msimamo wake ni kwamba tusiposimulia visa vyetu wenyewe hakuna atakayetusimulia. Mwanamke huyu angeweza kukaa New York akafundisha matajiri. Kwangu mimi, Maisha ina uzito kuliko Simba wa Dhahabu, kwa sababu simba yule yuko kabatini mwake, na mwanafunzi aliyefundishwa yuko mitaani na kamera.

Kwa hiyo nina maneno ya kuwaambia watu wawili. Kwanza ni wewe kijana wa Tiwi Sokoni, wa Mwachema, wa Gazi, mwenye simu yenye kamera unayoitumia kupiga picha za machweo ya jua. Wamakonde waliokwenda Nairobi mwaka 2016 wako Makongeni, na baadhi yao ni wazee sana. Nenda, piga hodi, keti chini, omba ruhusa. Anza na sauti peke yake kama mzee anaogopa kamera. Muulize alipanda lori gani kutoka Msumbiji au babake alipanda lipi, alilipwa kiasi gani kwa miwa, siku ya kwanza kushika kitambulisho alikipeleka wapi. Usimkatize. Na ukishamaliza, mpelekee kazi aione yeye kwanza kabla ya kuitupa mtandaoni. Wazee wa Ramisi nao, waliofanya kazi kiwandani, waulizeni sasa.

Wa pili ni nyinyi wakubwa wa kaunti yetu ya Kwale. Mmelipia watoto wetu karo za shule na vyuo, na tunashukuru kwa hilo. Tengeni na fungu la vijana wa filamu: kamera chache nzuri, vinasa sauti, chumba kimoja chenye kompyuta pale Ukunda au Kombani, na mwalimu anayejua kazi. Wapelekeni vijana Zanzibar kwenye tamasha la filamu, ni ng'ambo tu ya bahari. Bajeti inapojadiliwa, wananchi wanaohudhuria vikao vya maoni na waliseme hilo, liandikwe, na wadi ya Tiwi iwe ya kwanza kulisema.